Cooperstown wamfungulie mlango kocha wa warushaji

Machi 1975, klabu ya besiboli ya New York Yankees ilimwachisha kazi mrushaji wake, Mel Stottlemyre. Alikuwa na miaka 33, na msuli wa bega lake la kulia ulikuwa umechanika msimu uliotangulia. Kwa misimu 11 alikuwa ameitumikia klabu hiyo moja tu: ushindi 164, na mechi 152 alizoanza na kuzimaliza mwenyewe bila mwenzake kumpokea. Mwaka 1969 pekee alirusha vipindi 303, mzigo ambao siku hizi hakuna mrushaji wa ligi kuu ya besiboli anayebebeshwa. Zama zile bega likichanika hivyo, kazi imekwisha. Kinyongo cha kuachwa namna ile alikaa nacho miaka mingi, na simlaumu.

Mashabiki wengi humpima kwa hizo namba za uchezaji. Mimi naona kazi yake kubwa ilikuja baadaye, alipokuwa kocha wa warushaji, na ndiyo inayomstahilisha kuingia Cooperstown, kwenye ukumbi wa magwiji wa besiboli.

Hakuwa mtu wa kasi ya kutisha. Silaha yake ilikuwa mpira unaozama. Unakuja usawa wa mapaja, mpigaji anauona mtamu, anazungusha gongo, na mwishoni kabisa mpira unashuka. Gongo linaupiga kwa juu, unabiringika ardhini, wenzake wanauokota na mpigaji anatolewa. Anayerusha hivi hasinzii uwanjani: lazima ajue huyu aliye mbele yake amesimamaje na anatamani mpira gani. Oktoba 1964, miezi miwili tu tangu apandishwe ligi kuu, alikabidhiwa mechi tatu za fainali ya World Series dhidi ya mrushaji Bob Gibson wa klabu ya St. Louis. Alikuwa na miaka 22. Akili ile ndiyo aliyokwenda nayo kwenye ukocha.

New York Mets, klabu nyingine ya jiji hilo, walimchukua awe kocha wa warushaji kuanzia 1984, na hapo akamkuta mrushaji kijana, Dwight Gooden. Mwaka 1985, akiwa na miaka 20, Gooden alishinda mechi 24 na kupoteza 4. Kisha Stottlemyre akamtaka aongeze aina nyingine ya mpira na asihangaike kumtoa kila mpigaji kwa nguvu. Makali ya mwaka ule hayakurudi tena, na hadi leo wapo wanaomtupia kocha lawama. Sikubaliani nao. Gooden alikuwa amerusha vipindi zaidi ya 270 katika umri ule, na baadaye dawa za kulevya zilimwandama. Kocha aliyepoteza bega lake kwa kazi hiyohiyo angewezaje kumtazama kijana akijimaliza, akanyamaza? Huenda alikosea namna. Nia ilikuwa sahihi. Mwaka 1986 Mets wakatwaa ubingwa.

Mwaka 1996 kocha mkuu Joe Torre alimrudisha Yankees, klabu ileile iliyomtosa. Alikaa miaka 10, warushaji Andy Pettitte na Mariano Rivera wakiwa mikononi mwake, na wakachukua ubingwa mara nne: 1996, 1998, 1999 na 2000. Katikati ya hayo alipata saratani ya uboho, akatibiwa, akarudi kazini. Juni 2015 Yankees walimzindulia bamba la heshima uwanjani kwao akiwa hana habari. Alifariki Januari 2019.

Klabu imetimiza wajibu wake. Kilichobaki ni Cooperstown, kwenye ukumbi wa magwiji wa besiboli. Wachezaji wana nafasi pale, makocha wakuu wanayo, waamuzi na viongozi wa klabu pia. Kocha wa warushaji hana kundi lake, ingawa ndiye anayekaa na mrushaji kila siku, akimrekebisha kidole kwenye mshono wa mpira na kujua mapema mkono unapoanza kuchoka. Hili si haki hata kidogo. Kundi hilo lianzishwe, na wa kwanza kuingia awe Johnny Sain, mrushaji mwingine aliyegeuka kocha, ambaye mwaka 1968 alimnoa Denny McLain kule Detroit, McLain alipofikisha ushindi 31 katika msimu mmoja. Wa pili awe Stottlemyre.