Dishwasha ya Bosi Imekataa Maji ya Kireka

Wacha niwaambie nyinyi maana mama watoto amekataa kunisikiliza, anasema stori ya hiyo mashine nimtafutie mtu mwingine.

Mimi ni dereva. Miaka sita nimemwendesha mzungu mmoja huko Muyenga, mkataba wake ukaisha, anarudi kwao. Siku ya kugawa vitu hesabu yangu nilikuwa nimeshaipiga: dada wa jikoni atapewa friji, askari wa geti atapewa godoro, mimi nitapewa bahasha. Bahasha nono, maana mashimo ya Kampala nimemkwepesha miaka sita hajawahi kumwaga kahawa. Basi bosi akanishika bega, akanipeleka jikoni, akanionyesha sanduku la bati lina mlango, akasema hii ni yako, mke wako sasa atapumzika.

Bahasha akapewa askari wa geti.

Sitasema niliumia. Nilikodi pikapu elfu hamsini kutoka Muyenga mpaka kwangu Kireka, na tulivyofika watu wakatoka nje kama vile nimeleta maiti, huyu anauliza ni friji, yule anauliza ni sefu ya pesa, nikasema hapana, ni dishwasha, mashine ya kuosha vyombo. Jirani yangu mama mmoja akacheka mpaka akakalia jerikeni, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani jirani, watoto wako wamehama?"

Tukaifunga. Fundi wa bomba akaunga paipu kutoka tangi la nje, tukapanga sahani, watoto wakakaa chini wametulia kama wanangoja Cranes, timu ya taifa, waingie uwanjani. Nikabonyeza. Mashine ikanguruma mmmmm, ikanyamaza, ikanguruma tena mmmmm, mimi nimetega sikio nisikie maji yakiingia, wapi. Baadaye kidogo kataa kadogo kenye kapicha ka koki kakaanza kunikonyeza. Mtoto mdogo akauliza, "Baba, inasema nini?" Nikamwambia nenda kalale.

Toka siku hiyo nimegundua Kireka nzima ni mafundi. Mtu wa boda hapo steji ambaye pikipiki yake mwenyewe haiwaki bila kusukumwa akaniambia hiyo ni waya. Muuza chapati akasema ipige kofi. Mwingine akasema mlango haujabana, na huyo kusema ukweli hakukosea, maana mlango usipolia kle! mashine haianzi kitu, lakini mlango wangu nimeufunga mara mia mpaka mama watoto akaniuliza nagombana na nani. Unalia kle vizuri tu. Maji hakuna.

Nikaivuta kutoka ukutani. Nyuma kule paipu ya maji ilikuwa imekunjika kama mguu wa mtu aliyekaa vibaya kwenye taksi, nikajisema haya, mchawi ndiye huyu. Nikainyoosha, nikawasha. Mmmmm. Taa ikanikonyeza.

Nikaingiza kichwa ndani. Kuna kaboya kule chini, ka plastiki, kanapanda na kushuka, kakikwama juu mashine inadhani imeshashiba. Kweli nikakuta kamekwama, na kilichokakwamisha ni mbegu ya zeituni. Banange! Zeituni alikula bosi, mbegu natoa mimi. Nikaitoa, boya likashuka tik, nikawasha nikiwa na uhakika kabisa, hata nimeshamwita mama watoto aje aone.

Mmmmm.

Hapo ndipo nilipopata akili mbaya. Nikawaza, kama hainywi yenyewe, si nitainywesha? Mgonjwa akikataa uji si unamshika pua. Siku hiyo bomba lilikuwa limekatika na tangi limebaki matope, nikanunua jerikeni la maji shilingi mia tano, nikamimina nusu nzima ndani ya mashine, kwa jagi, taratibu, nikafunga mlango, nikabonyeza. Sasa nani angeniambia kwamba hizi mashine kitu cha kwanza zikiwaka zinatapika? Zinaanza kwa kumwaga maji yaliyobaki humo, ndivyo zilivyotengenezwa, usafi wa kizungu huo. Lita zangu kumi zikatoka na ile paipu ya uchafu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeitoa dirishani, na chini ya dirisha Hajati mwenye nyumba alikuwa ameanika karanga zake.

Karanga za wiki nzima, jamani. Hajati akaja mlangoni na mkeka unachuruzika akasema, "Dereva, nyumba nilikupangisha ya kulala watu, si ya kuogesha mashine." Nikapiga goti. Nikalipa.

Nikaona sasa basi, nitafute fundi wa kweli, nikashuka Katwe. Katwe pale utapata mtu wa kukutengenezea chochote kuanzia mashine ya kutotoa vifaranga mpaka geti la ikulu, lakini ukitaja dishwasha wanaangaliana. Nikapata mmoja akasema anazijua, akaja na boda, na mfuko wake, na multimita. Akafungua ile paipu mahali inapoingilia mashine, akanionyesha kachujio ka waya humo mdomoni. Kamejaa mchanga na kutu kutoka tangi letu, mchanga wa kutosha kuziba ufa wa ngazi. Tukakasugua na mswaki (wa nani sitasema, yuko darasa la tano na anausoma huu ujumbe nyuma ya bega langu). Akapima koili ya vali, ile inayofungulia maji yaingie, nzima. Swichi ya mlango nzima. Akafungulia maji kwenye beseni tuone yanavyokuja, yakaja yanasitasita kama mtu anayedaiwa. Fundi akayaangalia, akafunga mfuko wake, akasema, "Mzee, mashine yako haiumwi. Inayoumwa ni nyumba."

Shilingi elfu arobaini hiyo.

Lakini alinieleza. Hiyo vali ya kuingiza maji ina kiwambo cha mpira ndani, umeme haukiinui wenyewe, unafungua katundu kadogo tu, halafu maji ndiyo yanatakiwa yasukume kiwambo mpaka kiinuke. Maji yasiyo na nguvu yanafika pale yanabisha hodi yanarudi. Nikamwambia lakini kwa bosi ilikuwa inakunywa kama ng'ombe! Akacheka. "Kwa bosi wapi?" Muyenga. "Muyenga sehemu gani?" Ndipo ikanijia. Kile kilima kinaitwa Tank Hill kwa sababu matangi makubwa ya maji ya mji yako pale juu kabisa, na bosi alikuwa anakaa huku chini yake, kwa hiyo maji yanamshukia kama mkwe mwenye hasira. Hii mashine imekulia chini ya kilima cha matangi, leo nimeileta ikutane na tangi la Hajati kwenye stendi ya mita mbili.

Binti yangu wa Senior Two akasikia akachukua kalamu. Mimi fizikia nililipa ada tu sikujua inafanya nini. Akasema baba, kila mita kumi za kimo cha maji ni kama bar moja, bar ndiyo kipimo cha nguvu ya maji. Tangi likiwa limejaa, pamoja na stendi tuna mita tatu, hiyo ni bar 0.3. Tukafungua kitabu cha mashine, kimeandikwa inataka kuanzia bar 0.5. Akapiga mstari chini ya jibu kama mwalimu: tangi lipande lifike mita tano. Nikamuuliza na wewe utaenda kumwambia Hajati?

Nilienda mwenyewe. Nikaeleza kwa heshima zote, stendi, bar, kiwambo, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema tangi linaweza kupanda, na kodi nayo itapanda ikae pale pale karibu nalo. Halafu akaniuliza kama karanga zitakuwa salama.

Kuna njia ya pampu, kapampu ka kusukuma maji, najua. Pampu inakula Yaka, umeme wa kulipia kabla, mashine nayo inachemsha maji yake yenyewe, wati kama elfu mbili, ni sawa na kuwasha pasi mbili na kuziacha zikitazamana. Na ukishamaliza hayo yote haioshi sufuria zetu! Nimekisoma hicho kitabu usiku, sufuria za alumini haizitaki, zinatoka nyeusi, na zile za sigiri zenye masizi hata usithubutu. Posho, yaani ugali, imegandia kwenye nini, kwenye sahani? Halafu inadai chumvi yake maalumu, si hii ya mchuzi. Nchi hii ina ziwa zima la chumvi kule Katwe ya Kasese, na mafundi wote wa Katwe ya Kampala, na hii mashine imezikataa Katwe zote mbili.

Kinachoniuma zaidi ni ziwa. Boda moja tu unafika Luzira unalikuta Victoria limelala pale halina kazi, na mimi nahesabu majagi.

Basi mama watoto akachukua uamuzi bila kikao. Uchanja wetu wa nje wa kukaushia vyombo ulikuwa umeanza kuoza miguu na kuku wanaruka juu yake, akauvunja akawashia moto wa maharage. Sahani sasa zinaoshwa na watoto kwenye beseni kama zamani, zikishaoshwa zinapangwa ndani ya dishwasha zikauke, mlango unafungwa, kuku hawaingii, vumbi haliingii. Anasema ni kabati zuri sana na anamshukuru bosi.

Juzi bosi kanitumia ujumbe WhatsApp anauliza hali, watoto, halafu eti na mashine je, inafanya kazi? Nikafungua mlango, sahani zimejipanga zinang'aa, vikombe vimeinama, vijiko kwenye kikapu chake, nikapiga picha nikatuma. Akajibu kwa furaha, moyo na vidole gumba vitatu, akasema anaona tunaitumia kuliko yeye alivyoitumia.

Mama watoto akaita kutoka nje, nani analeta maji ya kuoshea vyombo.