Mwenye Bereti Si Lazima Apigwe

Jumamosi iliyopita niliwakuta watoto wa ploti yetu hapa Nyalenda, Kisumu, wakicheza reslin juu ya godoro kuukuu. Mpwa wangu alikuwa amevaa bereti nyekundu, ngumi juu, akihutubia wenzake kuhusu ukombozi wa wanyonge. Hotuba ilikuwa tamu kweli. Kisha akanyanyuliwa, akabwagwa, akahesabiwa hadi tatu. Nilipomuuliza mbona hakujitetea hata kidogo, akanijibu, "Anko, mwenye bereti hushindwa. Si ndiye mbaya?"

Jibu hilo limenisumbua wiki nzima. Simlaumu mtoto, maana amefunzwa na mieleka ya televisheni. Matokeo yake hupangwa, tunajua, wala siidharau kwa sababu hiyo. Hata ngano za bibi zilipangwa na bado tulizililia. Ninachouliza ni kwa nini waandaaji wa mieleka humchukua mtu anayetamka neno haki wakampa kazi ya kuzomewa.

Mtazame mwanamieleka Nikolai Volkoff. Katika miaka ya 1980 alipanda ulingoni kule Marekani na kuwataka watu wasimame aimbe wimbo wa taifa wa Muungano wa Kisovieti, ukumbi mzima ukimzomea. Mrusi hakuwa. Alikuwa Josip Peruzović, mzaliwa wa Yugoslavia. Kamala naye, lile "jitu la Uganda" lililotangazwa kuwa mlinzi wa zamani wa Idi Amin, alikuwa James Harris wa Mississippi. Kwa hiyo anayeniambia siasa zisiingizwe kwenye mieleka amechelewa. Zimo tangu zamani, ila zimeandikwa na upande mmoja.

Kwetu Kisumu, Russia ni hospitali. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na hata sasa inapoitwa kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga, mwambie mtu wa boda "nipeleke Russia" uone kama atakuuliza njia. Mimi nilizaliwa humo. Na ni siku ya kuifungua, tarehe 25 Oktoba 1969, ambapo Rais Jomo Kenyatta na Oginga, kiongozi wa upinzani wakati huo, walirushiana maneno mbele ya umati, kisha risasi zikafyatuliwa na watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha Oginga, KPU, kikapigwa marufuku. Mtoto wa mji huu akiniambia anayepinga ndiye mbaya, siwezi kucheka nikapita.

Ndiyo maana nilimkalisha nikamsimulia habari za Superbarrio. Tetemeko la ardhi lilibomoa sehemu kubwa ya Mexico City mwezi wa Septemba 1985, na wapangaji wengi maskini wakawa hawana makao au wanatishiwa kufukuzwa. Mwaka wa 1987 akatokea mtu amevaa kama mwanamieleka, barakoa na nguo za nyekundu na manjano, herufi SB kifuani. Alifika palipokuwa na familia inayotolewa vyombo nje, akasimama nao. Aliingia ofisi za wakubwa kuwatetea wapangaji na barakoa hakuivua. Wakubwa walilazimika kuzungumza na barakoa! Nguvu yake haikuwa misuli. Ilikuwa umati uliokuja nyuma yake, watu wa mitaa waliojipanga wenyewe, na yeye akawa sura yao.

Mhusika wa namna hiyo ndiye ninayemtaka ulingoni kwetu, mwanamapinduzi anayejua kodi ya chumba cha mabati imepanda kiasi gani na mama muuza omena amevunjiwa kibanda mara ngapi. Apigwe, ndiyo, mchezo ni mchezo. Lakini akianguka, watazamaji wanyamaze kwa uchungu, na akiinuka wainuke naye.

Jana jioni godoro lilitolewa tena. Mpwa wangu alikuwa amejifunga leso ya manjano ya mamake mabegani, na pambano lilichelewa karibu nusu saa. Walikuwa wakibishana nani awe landilodi, na hakuna aliyekubali.