Mgeni Aitwaye Ubirak

Siku za kumuaga binti wa shangazi yangu zilipokaribia, kamati ya sherehe ilikusudia kupeleka kadi 60 za mwaliko kwa mafundi wa Kariakoo, nami nikasimama kikaoni, pasipo kutumwa na mtu, nikatangaza kwamba kadi hizo nitazikata mwenyewe nyumbani kwa mashine yangu ya umeme, tena bure. Mhazini alilifunga daftari lake upesi, asije akanipa nafasi ya kughairi.

Mashine yenyewe ni ndogo kama printa ya mezani. Unachora umbo kwenye kompyuta, unabandika karatasi juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi, wa inchi 12 kwa 12, kisha kisu chembamba kama ncha ya kalamu kinapita kikiufuata mchoro. Nilichagua manila ya kumetameta, dhahabu upande mmoja na nyeupe upande wa pili, kadi 4 kwa kila karatasi, na katikati ya kila kadi neno KARIBU limetobolewa.

Karatasi ya kwanza iliniaibisha mara mbili. Mkeka ulikuwa mpya na gundi yake ilinasa kama ya mtego wa panya, hivyo nilipoivuta manila ilijikunja kama gome la mdalasini. Isitoshe, vile vipande vya ndani ya A, R na B, kwa kuwa havikushikiliwa na chochote, vilibaki mkekani, na neno likawa kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Nilijirekebisha. Niliugandamiza mkeka kwenye kanga ya mke wangu mara kadhaa hadi ukali wa gundi ukapungua (kanga ikabaki na alama ambazo bado tunazijadili), na nikatafuta herufi za stensili, ambazo vipande vyake vya ndani hushikizwa kwa vidaraja vyembamba. Zaidi ya hayo, nilijifunza kutoivuta karatasi, bali kuupindua mkeka kifudifudi na kuukunja taratibu, ili mkeka ndio uiache karatasi. Kadi zilitoka zimenyooka, mgongo mweupe ukinitazama, KARIBU ikisomeka bila kasoro. Nilizipanga vivyo hivyo, kifudifudi, hadi saa nane za usiku, nikipumzika tu kukichomachoma kisu kwenye tonge la karatasi ya foili ili kiachie vumbi la dhahabu.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekata maandishi ya fulana za kamati, yale yanayobandikwa kwa pasi. Hayo hukatwa kwa upande wa nyuma, kwa hiyo ni lazima yageuzwe kama yaonekanavyo kwenye kioo, ilhali manila haihitaji kugeuzwa hata kidogo. Alama ya kugeuza niliiacha kwenye kompyuta pale pale nilipoiweka. Kadi moja tu ya majaribio, iliyotazamwa usoni, ingeniokoa, lakini majaribio niliyaona ni ya wanafunzi.

Asubuhi shangazi alifika.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nizione.”

Aliichukua ya juu, akaigeuza upande wa dhahabu, akaisogeza mbali na macho. Herufi tatu zilitazama upande usio wao, lakini shangazi ni mtu wa kuvumilia mitindo ya siku hizi.

“Zimependeza kweli. Ila huyu Ubirak ndiye nani?”

Nilikuwa sijalala, na uongo humjia upesi mtu asiyelala.

“Ni wa upande wa bwana harusi, shangazi.”

“Na kadi zote hizi ni zake?”

“Ana ukoo mkubwa.”

Alitikisa kichwa kwa heshima, akaondoka. Mimi nilikwenda Kariakoo kununua karatasi nyingine 15, na usiku ule nilikata upya, kila kadi nikiitazama usoni kabla ya kuiweka chini.

Jumapili, kwenye kikao cha mwisho, mhazini alisimama kusoma majina ya waliokuwa hawajatimiza ahadi zao. Baada ya mjomba na majirani wawili, alirekebisha miwani yake na kuendelea: “Mzee Ubirak, upande wa bwana harusi. Kutokana na ukubwa wa ukoo wake, kamati imemkadiria shilingi 50,000. Bado.”

Shangazi alinigeukia. Nilitoa simu, nikatuma fedha zile palepale, na nikaomba risiti iandikwe kwa jina la Mzee Ubirak.