Boriti za Kwetu Darini Dubai

Mwezi wa nane Dubai mtu hatembei, anaruka tu kutoka kiyoyozi hadi kiyoyozi: gari, ofisi, duka, nyumba. Huu ni mwaka wangu wa tisa na bado sijazoea kuishi kama samaki wa friji.

Ijumaa moja nikapita Al Fahidi, mtaa wa zamani kando ya hori, uliojengwa na wafanyabiashara waliohamia kutoka Uajemi. Ilikuwa saa nane mchana, lakini kwenye vichochoro vile niliweza kutembea. Kuta za matumbawe, nene, zimesogeleana hata jua likiinama kidogo tu ardhi inapata kivuli. Juu ya mapaa kuna barjeel, mnara ulio wazi pande nne, unaodaka upepo wa juu na kuushusha chumbani. Nilisimama chini ya mmoja, shati likapepea. Kidogo, tusidanganyane.

Kisha nikainua macho. Darini, boriti za mikoko! Wao huziita chandal, na nyingi zilivuka bahari kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji. Upana wa chumba ulifuata urefu wa mti wetu, sawa na vyumba vya Mji wa Kale wa Mombasa nilikolelewa.

Nchi hii ina mafuta ya kuwasha viyoyozi mpaka kiama. Hata hivyo, walipoanza kujenga mji mpya wa Masdar kule Abu Dhabi mwaka 2008, walirudia vichochoro na mnara wa upepo. Mji wenyewe umechelewa mno, lakini hilo ni lao. Linaloniuma ni letu: Mombasa tunapandisha ghorofa za vioo, na dirisha la kuteleza linalofunguka nusu, ilhali stima yenyewe ya feni inatukatikia.

Sisemi tuhamishe jangwa. Joto lao ni kali kupita letu, ukuta mnene unalizuia. Letu la unyevu, bila upepo unaoza ndani. Ila kivuli, baraza, dari ya juu na madirisha yanayotazamana, hivyo tulikuwa navyo.

Mdogo wangu anajenga Kisauni. Kanitumia ramani: sebule ina ukuta mzima wa kioo, umeelekea magharibi. Nikampigia, nikamweleza habari za kusi na kaskazi karibu nusu saa. Akanisikiliza kwa adabu.

"Sawa kaka, nimekuelewa. Sasa ile eesii utanitumia lini?"