Kitabu cha picha: mtoto anasoma au anabahatisha?

Walimu wa awali na darasa la kwanza hawakubaliani kuhusu vitabu vya picha. Wapo wanaosema picha humvuta mtoto kitabuni, na wapo wanaosema humzoesha kubahatisha.

Hoja hii ya pili ina uzito. Mpe mtoto ukurasa wenye mama na sufuria jikoni, mwiko mkononi, na chini pameandikwa "Mama anasonga ugali." Atakusomea kwa sauti ya juu, "Mama anapika ugali," macho yote kwenye sufuria. Hajasoma neno hata moja, amesema anachokiona. Tena Kiswahili hakina sababu ya kubahatisha, kwani kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika silabi zake, ba be bi bo bu, atatamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia.

Shida inaanzia hapo hapo. Huku kusini mwa Tanzania, Newala, Tandahimba na Ruangwa, watoto wengi wanaingia shule wakitoka nyumba zinazozungumza Kimakonde, Kimwera au Kiyao. Mtoto huyo anaweza kutamka sentensi nzima bila kosa na asijue imesema nini. Mtaala wa 2015 uliweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa darasa la kwanza na la pili, na ulistahili, lakini kusoma bila kuelewa bado si kusoma.

Sasa fungua ukurasa wenye familia inaokota korosho. Darasa lililokuwa kimya linapata wasemaji: huyu anaonyesha korosho inavyonyofolewa kutoka kwenye bibo, yule anaeleza bibi anavyoanika. Anayekwama anamalizia kwa Kimakonde, mwalimu anampa neno la Kiswahili, naye analirudia. Picha ya theluji haiwezi kuzaa mazungumzo hayo.

Kwa hiyo mimi naunga mkono picha, ila kwa utaratibu. Kwanza watoto waizungumzie, kisha mwalimu aifunike kwa karatasi, wasome sentensi peke yake. Aliyesema "anapika" atakutana na so-nga na kujisahihisha.

Kitabu kimoja mbele ya darasa lililofurika ni kazi bure, wa nyuma hawaoni kitu. Hapo afadhali picha ichorwe kubwa kwenye karatasi ya manila. Na fedha ya vitabu ikiwa ndogo, ningeanza na awali na darasa la kwanza. La pili wapewe vyenye maneno mengi na picha chache.