Ta Prohm: mti mnaupiga picha, mji mnaupita

Bado nina kinyongo na ile foleni. Nimefika hekalu la Ta Prohm, kule kwenye mji wa kale wa Angkor, Kambodia, asubuhi mapema nikijua nitakuwa peke yangu na mawe, kumbe watu washajipanga mbele ya ule mti wenye mizizi iliyomwagika ukutani, kila mtu anasubiri zamu yake ya selfi, akishapiga huyoo anaondoka, yaani tiketi ya dola 37 kwa siku yote imeishia kwenye mti!

Sisemi mti sio mzuri. Mzizi umeshuka toka kwenye paa ukajipenyeza katikati ya mawe, na ukiutazama vizuri unaona huo huo uliopasua ukuta ndio unaoushikilia usidondoke, siku mti ukianguka na ukuta unaenda nao. Halafu lile pori mnaloliona limetunzwa, sio kwamba limesahaulika. Wataalamu wa Kifaransa waliamua makusudi hekalu hili libaki karibu na lilivyokutwa, vichaka vikafyekwa, miti mikubwa ikaachwa.

Ila kilichonikaa kichwani ni kingine. Hekalu lilizinduliwa 1186 na mfalme Jayavarman VII kwa heshima ya mama yake, na kuna maandishi ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kwenye jiwe yanayotaja watu 12,640 waliokaa humo, na makumi ya maelfu ya wengine vijijini wa kulihudumia. Sasa nyumba zao ziko wapi? Hamna. Mawe yalikuwa ya miungu, binadamu alikaa kwenye mbao, hata jumba la mfalme lilikuwa la mbao, vyote vikaoza. Mpaka 2012 ndio ikarushwa helikopta yenye leza inayopenya katikati ya majani, wakaona chini ya msitu wa Angkor kuna barabara zilizonyooka, mabwawa na viwanja vya makazi. Kwahiyo mtu akiniambia msitu umemeza hekalu namkatalia, hekalu si lile pale limesimama, kilichomezwa ni mji.

Wakati wa kutoka kuna njia kati ya hekalu na ukuta wa nje, miti tupu na majani makavu, watu wanaipita mbiombio kuwahi tuktuk. Hapo ndipo palikuwa na majiko na kelele za watoto. Nikasimama, sikupiga picha hata moja maana hakuna cha kupiga, nikakaa weee mpaka dereva akanifuata.