Daftari au kompyuta, tuamue

Mfumo mpya wa kompyuta ukikwama hospitalini, wakubwa wana jibu tayari: watumishi hawapendi mabadiliko. Mimi jibu hilo siliamini. Watumishi hao hao walihamia M-Pesa bila semina wala posho.

Kaa kidogo kliniki ya wajawazito uone. Muuguzi anamwingiza mama kwenye GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kompyuta wa hospitali, kisha anafungua kitabu namba 6 cha MTUHA, daftari rasmi la takwimu za wajawazito, na kuandika yale yale, halafu anajaza kadi ya mama mwenyewe. Mwisho wa mwezi anahesabu vistari kwa kalamu ili jumla ziingizwe DHIS2, mfumo wa taifa wa takwimu za afya. Foleni nje haisogei. Kompyuta iliyoletwa kumpunguzia kazi imemwongezea, na siku akizidiwa atakachoacha ni kompyuta, kwa sababu timu ya usimamizi shirikishi ikija itaomba kuona daftari.

Daftari lenyewe silidharau. Umeme ukikatika linaendelea kufanya kazi. Ninacholalamikia ni kwamba mfumo mpya huzinduliwa kwa hotuba na picha, lakini siku ya kustaafisha ule wa zamani haitajwi na mtu. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, hathubutu kuitaja. Akiliweka daftari kabatini halafu seva igome wiki ya ukaguzi, nani atamtetea? Uamuzi huo ni wa TAMISEMI na Wizara ya Afya, utoke kwa waraka wenye tarehe.

Tusifichane, wapo wanaopinga kwa sababu nyingine kabisa. Kulipia kwa kontroo namba, fedha ikienda serikalini bila kupita mkononi mwa mtumishi, kumeziba mianya iliyokuwa dirisha la malipo. Hao waache walalamike.

Halafu mafunzo. Semina huenda kwa mkuu wa idara, maana ina posho. Anayebonyeza kibodi saa nane usiku ni kijana wa mkataba aliyeelekezwa na mwenzake kwa dakika chache wakati wa kupokezana zamu. Ningekuwa na sauti, ningeanza na kitengo kimoja tu, nimweke mtu wa TEHAMA hapo hapo hata usiku, na nisihamie kitengo cha pili mpaka wauguzi wa kile cha kwanza waseme kazi imepungua. Kwa saa za giza zinatosha fomu chache za karatasi, ziingizwe kwenye mfumo umeme ukirudi, kisha zichanwe.